Kile kiboksi cha Baseline kwenye MDN kinamaanisha nini hasa

Ukifungua ukurasa wa MDN siku hizi, iwe unatafuta kitu cha CSS (lugha ya kupanga muonekano wa ukurasa) au JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa ufanye kazi), juu pale chini ya jina la kitu chenyewe unakuta kiboksi kimeandikwa Baseline, kina tiki na vialama vya Chrome, Edge, Firefox na Safari. Watu wengi wanakiruka wanashuka moja kwa moja kwenye mfano wa kunakili, na nawaelewa kabisa maana haraka ni haraka, ila kile kiboksi ni moja ya vitu vizuri sana walivyoongeza kwenye ile maktaba na ukikisoma vibaya kinakuingiza hasara.

Kwa ambaye ndo anaanza, MDN ni maktaba ya nyaraka za watengeneza wavuti, Mozilla waliianzisha 2005 na kusoma ni bure. 2017 Microsoft, Google, Samsung na W3C (shirika la viwango vya wavuti) wakaungana na Mozilla waijenge pamoja badala ya kila mmoja kuandika zake pembeni, na Microsoft wakaanza kuelekeza kurasa zao za wavuti huko. Tangu mwisho wa 2020 maandishi yote yako GitHub (tovuti ya watu kushirikiana kwenye kodi na maandishi), ukiona kosa unarekebisha unatuma.

Sasa zamani ukitaka kujua kama kitu kinakubali kwenye brauza zote ilibidi ushuke mpaka jedwali la chini kabisa (bado lipo, na bado ni zuri), unakuta namba tu. Chukua :has() ya CSS, ile inayokuwezesha kumpaka rangi mzazi (kipande cha ukurasa kinachobeba vingine) kutokana na kilicho ndani yake. Jedwali linakwambia Safari 15.4, Chrome 105, Firefox 121. Haya, hizo namba zinakusaidia nini kama hujui Firefox 121 ilitoka lini? Ilitoka Desemba 2023, wakati Safari walikuwa nayo tangu Machi 2022 na Chrome tangu Agosti mwaka huohuo, yaani Firefox ndo alikuwa wa mwisho kufika. Baseline inafanya hiyo hesabu kwa niaba yako, inaangalia nani kafika wa mwisho, na ile tarehe ya wa mwisho ndo inakuwa tarehe ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo kuna hali tatu. Kama kuna brauza hata moja kati ya zile kubwa haijafika, kiboksi kinasema Limited availability, maana yake bado hakijaenea. Wote wakishafika kinakuwa Newly available na kinapewa mwaka, ndo maana unaona Baseline 2023 au Baseline 2024. Afu ikipita miezi 30 tangu siku hiyo kinapanda kuwa Widely available. Zinazohesabiwa ni Chrome ya kompyuta na ya Android, Edge, Firefox ya kompyuta na ya Android, Safari ya Mac na ya iPhone, basi. Hiyo :has() kwa mfano miezi yake 30 inatimia Juni 2026, wakati <dialog> (ile ya kuweka kidirisha cha mazungumzo kwenye ukurasa) iliyokamilika Machi 2022 ilishavuka Septemba 2024.

Miezi 30 ni ya nini? Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Ile siku Firefox 121 inatoka, brauza mpya zote zinaijua :has(), lakini simu iliyoko mfukoni kwa mtu haijabadilika kwa sababu wewe umesoma habari. Mtu anaapdeti akipata wifi ya ofisini, mwingine amezima apdeti kabisa asimalize bando, mwingine simu yenyewe imejaa picha haina nafasi. Ile miaka miwili na nusu ni muda wa kuwasubiri watu. Kwa hiyo Newly inakwambia kitu kimefika kwenye brauza, Widely inakwambia kuna uwezekano mkubwa kimefika kwa watu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na kuna ambao hata hiyo miezi 30 haiwafikii. Opera Mini haimo kwenye hesabu, na huku kwetu bado wapo wanaoitumia kwa ajili ya kubana data, ile ukiiweka kwenye kubana kwa nguvu ukurasa unachakatwa kwenye seva zao kwanza ndo simu inaletewa, vitu vingi vya JavaScript havifanyi kazi. Android za zamani nazo, Chrome 119 ndo ilikuwa ya mwisho kwa Android 7, mwenye hiyo simu ameishia hapo. iPhone ndo ngumu zaidi kwa sababu Safari inakuja pamoja na mfumo wa simu, mfumo ukigoma kupanda na Safari imegoma, na kuweka Chrome hakusaidii kwa sababu Chrome ya kwenye iPhone inatumia injini ileile ya Apple. Wasioona wanaotumia programu za kuwasomea skrini pia Baseline haiwapimi, hilo inabidi ulijaribu mwenyewe.

Mimi hili lilinikuta 2024. Nilimtengenezea kaka mmoja wa Kariakoo ukurasa wa bei za vipuri vya pikipiki, listi inajipanga kuanzia bei ndogo, nikatumia toSorted() kwa sababu ni safi, inakupa listi mpya bila kuvuruga ile ya mwanzo, na MDN ilikuwa imeandika Baseline 2023. Kwangu laptopu safi, Android yangu safi. Jioni ananipigia, "Dogo, mbona bei hazionekani, naona jina la duka tu afu peupe." Nikamwambia kaka nipe dakika kumi, nikaongeza mstari wa window.onerror (ule unaokamata makosa ya JavaScript) uandike kosa juu ya skrini, nikamwambia afungue tena anitumie picha. Picha ikaja, bei.toSorted is not a function. Simu yake iPhone 7, inaishia iOS 15, na toSorted kwenye Safari ilianza 16.

Angalia hapo kitu kimoja. Ingekuwa ni CSS, brauza isiyoielewa :has() inairuka ile kanuni yote na kuendelea na nyingine, ukurasa unapungua urembo kidogo lakini bei zinasomeka. JavaScript haina huruma hiyo, ikikutana na kitu isichokijua inasimama palepale na vyote vilivyotakiwa kufuata havifanyiki. Kwa hiyo mimi sasa kwenye CSS nikiona Newly naangalia tu bila hicho kitu ukurasa unabaki vipi, ukibaki unasomeka natumia. Kwenye JavaScript nasubiri Widely, au naweka if ya kuuliza kwanza kama kipo.

Na usidhani ile alama ikishawekwa haibadiliki. popover, ile ya kufungua kidirisha kidogo juu ya ukurasa, ilishapewa Newly Aprili 2024, baadaye ikaonekana kwenye iPhone ukigusa nje ya kile kidirisha hakifungi, ikarudishwa nyuma mpaka Apple waliporekebisha, tarehe yake sasa ni Januari 2025. Kwa hiyo ukurasa uliousoma mwaka juzi rudi uufungue tena.

Yule kaka nilimwekea [...bei].sort((a, b) => a - b), inanakili listi kwanza ndo inapanga, matokeo ni yaleyale na inakubali mpaka simu za zamani sana. Bei zikatokea usiku uleule, na sijaubadilisha ule mstari mpaka leo.