Je, wajua kwa nini droni za Zipline hazina magurudumu?

Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline inapeleka damu na dawa kwa droni nchini Rwanda, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Muhanga. Droni zilizojenga huduma hiyo zina mbawa kama ndege ya kawaida, ila tumboni hakuna gurudumu hata moja.

Sababu ni uzito. Mzigo wa droni moja haufiki kilo 2, na wateja wako hadi kilomita 80 kutoka kituoni. Magurudumu, miguu na breki vingekula sehemu kubwa ya kilo hizo, tena vingebebwa safari nzima kwa ajili ya sekunde chache za kutua. Hospitalini droni haitui kabisa: hushuka chini, huangusha boksi lenye parashuti ya karatasi, hugeuza. Vyuma vyote vizito vimebaki kituoni: manati ya kurushia na kamba ya kudakia.

Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka mafunzo kwa vitendo kwenye fani hii aanze na hesabu. Tuchukue droni ya kilo 20 inayohitaji mwendo wa mita 28 kwa sekunde. Manati ikiifikisha hapo ndani ya mita 10, kila kitu kilichomo kinasukumwa nyuma kwa karibu mara 4 ya uzito wake. Betri ya kilo 5 inakandamiza kishikizo chake kama kilo 20. Kishikizo kikilegea, betri inateleza, kitovu cha uzito (mahali uzito wa ndege unapolingana mbele na nyuma) kinarudi nyuma, pua inanyanyuka na ndege inaanguka mara tu inapoachana na manati.

Kudaka ni kugumu zaidi. Kamba imetandazwa juu kati ya mikono miwili. Droni ikikaribia, mikono huinuka ghafla na kamba hunasa kulabu ndogo ya mkiani. Mkiani hasa, kwa sababu ukiivuta kwa nyuma ya kitovu cha uzito inabaki imenyooka. Ukiishika mbele, inapinduka. Droni ileile ikisimamishwa ndani ya nusu mita, kulabu inabeba nguvu ya wastani ya tani 1.6. Kamba ikiachia taratibu kwa mita 5, inabaki kama kilo 160 tu. Kamba ngumu ingeng'oa mkia.

Upepo wa ubavuni ukiisogeza, kulabu inaweza kuikosa kamba. Droni hupanda, huzunguka na kujaribu tena, kwa hiyo chaji ya mizunguko hiyo huhesabiwa kabla haijarushwa.