Trei za mayai ukutani hazikuokoi na faini

Tangu minada ya korosho ianze, malalamiko ya kelele yamejaa mezani kwetu sisi maofisa wa mazingira hapa Mtwara. Hatushangai; pesa ikiingia, muziki hupanda. Tunaamini wenye baa na kumbi wengi hawana nia mbaya. Tatizo ni utetezi wao, ambao huwa uleule: "Afisa, mbona nimeshabandika trei za mayai na magodoro ukuta mzima?"

Tuanze na godoro. Sauti ikiingia kwenye sponji au gunia, hewa husukumwa huku na huku ndani ya vitundu, husuguana na kuta zake, na nguvu ile hugeuka joto. Haipotei. Ila usitarajie kulihisi kwa kiganja. Mtu anayepiga ukelele hutoa takribani sehemu moja ya elfu ya wati. Ukiukusanya ukelele huo wote usiku na mchana, kikombe cha maji ya chai kitachemka baada ya miaka miwili na zaidi.

Ingia ghala la korosho likiwa tupu, piga kofi: mlio unagonga sakafu, ukuta, bati, unarudi. Rudi magunia yakiwa yamepangwa hadi juu, piga tena. Kofi linafia palepale. Huko ndiko kumeza sauti.

Lakini kumeza si kuzuia, na hili tumelisema mpaka tumechoka. Godoro hupunguza mwangwi kwa walio ndani. Aliye nje hupata nafuu ndogo. Kinachozuia ni uzito na kuziba upenyo: ukuta mnene wa mawe kama wa nyumba za kale za Mikindani, mlango mzito, na dari chini ya bati. Trei ya mayai ni karatasi. Besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7, kwa hiyo sponji ya sentimita 5 haina la kuifanya. Hata ungefanikiwa kuondoa nusu ya nguvu yote inayotoka, mita yetu ya kupimia kelele ingeshuka desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 3 tu.

Sasa utaratibu. Mlalamikaji aeleze mahali, siku na saa. "Kila siku wanatusumbua" haitusaidii. Tukifika tunahakiki mita kwa kifaa chenye mlio wa desibeli 94, tunapima kwenye mpaka wa mlalamikaji, kipaza sauti kikiwa juu ya ardhi kwa mita 1.2 hadi 1.5 na mbali na ukuta, kisha tunahakiki tena. Namba zinalinganishwa na viwango vya Kanuni za 2015 za kudhibiti kelele, ambavyo usiku ni vikali kuliko mchana, na kwenye makazi ni vikali kuliko viwandani. Ukizidi, unaandikiwa. Ukikiri, kosa laweza kufifilishwa, yaani kumalizwa bila kesi, kwa faini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004; ukibisha, ni mahakamani. Kibali cha burudani si kibali cha kelele, tafadhali.

Jambo moja kwa wanaosema mita inawaonea: kipimo cha desibeli A hupunguza besi kwa makusudi, kufuata sikio. Hezi 50 hukatwa takribani desibeli 30. Sabufa inayotikisa vikombe kabatini kwa jirani imeshapewa punguzo hilo kabla hatujaandika namba.