Je, wajua kwa nini mgonjwa aliyecheka juzi hawezi kuvumilia taa leo?

Mtu mwenye ugonjwa sugu anakwenda kwenye sherehe Jumamosi. Anacheka, anapiga picha, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Jumapili yuko sawasawa. Jumatatu hawezi kuinua kichwa kitandani, pazia limefungwa, na mlio wa kijiko ndani ya kikombe unamfanya akunje uso. Waliomwona Jumamosi wana maelezo mawili: ama anajisingizia, ama hakulala vya kutosha. Yote mawili si sahihi, na hili la pili ndilo lenye madhara zaidi, maana hutolewa kwa nia njema na hivyo ni vigumu kulikataa.

Uchovu wa kawaida una adabu zake. Huja ukiwa bado kazini, huongezeka kadiri unavyoendelea, na ukilala huondoka. Mporomoko wa mgonjwa haufuati utaratibu huo. Katika ugonjwa wa uchovu sugu, na kwa wengi wenye UVIKO-19 ya muda mrefu, dalili kwa kawaida huzidi saa 12 hadi 48 baada ya shughuli, kisha zikakaa siku kadhaa, wiki, au zaidi. Usingizi hauzifuti. Wala shughuli yenyewe si lazima iwe ya kutoa jasho: fomu ndefu ya kujaza, mabishano, hata furaha ya saa tatu mfululizo inatosha. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani liliuweka mporomoko huu miongoni mwa dalili ambazo pasipo hizo mtu hahesabiwi kuwa na ugonjwa wa uchovu sugu.

Kule kuchelewa ndiko kunakowapoteza watu. Mgonjwa anayeporomoka Jumatatu huchunguza Jumatatu: alikula nini, hali ya hewa ikoje, nani kamuudhi. Chanzo kiko Jumamosi, siku ambayo kila mtu anaikumbuka kuwa nzuri.

Kosa jingine limedumu zaidi, na liliwahi kuandikwa kwenye miongozo rasmi. Hoja yake inapendeza: mwili umelegea kwa kukaa, basi mwongezee mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba, atarudi. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba, iliyapendekeza mazoezi ya namna hiyo, yanayoongezwa hatua kwa hatua, mwaka 2007 kwa wenye uchovu sugu wa kiwango kidogo na cha kati. Utafiti mkubwa uitwao PACE uliyaunga mkono mwaka 2011. Wagonjwa walilalamika kwamba yanawazidishia, na takwimu zilipofunguliwa na kuchambuliwa upya na watu wengine, mafanikio yalinywea sana. Oktoba 2021 NICE ilitoa mwongozo mpya unaosema mazoezi yanayoongezwa kwa ratiba isiyobadilika yasitolewe kama tiba ya ugonjwa huo. Miaka 14 ilipita kati ya miongozo hiyo miwili.

Ulegevu wa misuli peke yake haulielezi jaribio la baiskeli la siku mbili. Mtu anakanyaga baiskeli iliyofungwa ndani ya maabara, amevaa barakoa inayopima hewa anayovuta na kutoa. Kesho yake anarudia vilevile. Mtu mzima wa afya, hata yule asiyefanya mazoezi kabisa, hupata matokeo yanayokaribiana. Wengi wenye uchovu sugu hushuka siku ya pili, hasa katika kiasi cha kazi wanachoweza kufanya kabla pumzi haijabadilika. Tafiti hizi ni ndogo na tofauti hazilingani kutoka moja hadi nyingine. Tena jaribio lenyewe humporomosha mgonjwa, ndiyo maana halifanywi ovyo. Januari 2024 watafiti wa Amsterdam walikwenda ndani zaidi: walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kwa wagonjwa 25 wa UVIKO-19 ya muda mrefu na watu 21 wenye afya, kabla ya kukanyaga baiskeli na siku moja baada yake. Kwa wagonjwa, mitokondria, zile sehemu za seli zinazozalisha nishati, zilifanya kazi kwa unyonge zaidi baada ya zoezi, na madhara kwenye msuli yaliongezeka.

Haya yasihamishiwe kwa kila ugonjwa. Wenye baridi yabisi, kwa mfano, mara nyingi hupungukiwa na uchovu wakifanya mazoezi yaliyopangwa vizuri. Na mtu aliyeanza kuporomoka hivi karibuni apimwe kwanza, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea hutoa uchovu unaofanana na huu, nao unatibika.

Sasa taa na kelele. Watu hudhani tatizo liko masikioni au machoni, lakini vipimo vya kusikia na kuona mara nyingi hutoka safi. Milango ya fahamu huwa wazi muda wote: sasa hivi ngozi yako inatuma taarifa za nguo uliyovaa, na hukuwa na habari nayo hadi uliposoma sentensi hii. Anayekunyima habari hiyo ni ubongo wenyewe. Karibu taarifa zote za hisi, isipokuwa za harufu, hupitia thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, nayo imefunikwa na utando mwembamba wa seli za neva ambazo kazi yake ni kuzuia.

Mfikirie bawabu wa jengo kubwa. Mgeni akibisha mara ya kwanza, bawabu anainuka, anamkagua, anapiga simu juu. Akibisha yule yule tena, anaashiriwa tu kwa mkono apite kando. Bosi wa ghorofani anaamini jengo lake ni tulivu, hajui kwamba utulivu ule unafanyiwa kazi. Mpe bawabu homa, mkesheshe siku tatu. Sasa hakumbuki nani alishabisha, na kila mbisho unapigiwa simu. Wageni hawajaongezeka hata mmoja, lakini huko juu hakuna barua inayoandikwa.

Bawabu huyu anapimika. Mtu hubandikwa kichwani elektrodi, vidude vinavyonasa umeme wa ubongo, na kusikilizishwa milio miwili mifupi iliyopishana nusu sekunde. Kwa kawaida ubongo huitikia mlio wa kwanza kwa nguvu na wa pili kwa unyonge. Kwa wenye kipandauso, tafiti kadhaa zimeona ubongo usiozoea vichocheo vinavyojirudia, nyingine hazikuona hivyo. Kwa uchovu sugu ushahidi bado ni mwembamba, ingawa malalamiko ya wagonjwa yanafanana mno.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa ametulia. Kwa hiyo kujilaza sebuleni, runinga ikiwaka na watu wanne wakizungumza, ni kazi iliyovaa nguo za mapumziko. Baadhi ya wagonjwa husema sauti kuanza kuwakera ndiyo dalili yao ya kwanza, kabla hata miguu haijawa mizito.

Kinachosaidia ni kupunguza shughuli kabla ya kuporomoka, na kupunguza kwa hesabu ya kazi zilizojificha. Chukua kuoga. Kunasikika kama kazi moja. Ndani yake mna kusimama, ambako kwa baadhi ya wagonjwa hupandisha mapigo ya moyo kwa 30 au zaidi kwa dakika. Mna joto la maji linalotanua mishipa na kushusha damu miguuni. Mikono iko juu ya kichwa ikisugua nywele. Maji yanavuma masikioni. Taa inamulika vigae. Kigoda, maji ya vuguvugu na kuosha nywele siku nyingine huondoa sehemu ya mzigo, na mtu bado ameoga. Wengine huvaa saa ya kupima mapigo ya moyo na kukaa chini inapolia, hata kama wanajisikia vizuri. Hapo ndipo penye ugumu, kuacha kazi ukiwa bado unaiweza.

Vizibo vya masikio vina mtego wake. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliwavalisha vizibo watu wenye masikio mazima kwa wiki mbili, karibu mchana na usiku. Walipovivua, sauti ile ile waliisikia kubwa kuliko awali. Waliosikilizishwa mvumo mdogo kwa muda huohuo walikuwa wavumilivu zaidi. Hawakuwa wagonjwa, lakini miwani ya giza nayo huonywa kwa sababu kama hiyo: ukiivaa ndani ya nyumba kutwa, jicho huzoea giza na taa ya kawaida huanza kuchoma. Ndiyo maana vizibo huvaliwa kwenye basi na sokoni, na nyumbani penye utulivu vikavuliwa.