Chipsi, biskuti na raba: Kiingereza chetu kilitoka upande mmoja

Ninafundisha Kiingereza vijana wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo, wengine Uingereza, wengine Marekani. Wengi huja na orodha ya misimu waliyoiokota kwenye filamu, wakitaka nianze na hiyo. Mimi huiweka kando. Neno geni halina hatari kubwa: utalisikia, utauliza, utaelezwa. Linalowaangusha watu ni lile walilolijua tangu shule ya msingi, ambalo ng'ambo ya Atlantiki lina maana nyingine kabisa.

Sisi hasa tuko hatarini, kwa sababu maneno ya Kiingereza tuliyoazima kwenye Kiswahili tuliyapata kwa Waingereza. Tukisema chipsi tunaongea Kiingereza cha London. Agiza "chips" mjini Birmingham, utaletewa viazi vinene vya moto, vimenyunyiziwa chumvi na siki. Agiza hivyohivyo Chicago, utapewa pakiti ya viazi vikavu vyembamba, vile tunavyoviita krispi. Viazi vya chipsi mayai yetu, kwa Mmarekani, ni "fries".

Biskuti ndiyo inayowashangaza zaidi wanafunzi wangu. Kusini mwa Marekani, "biscuit" ni kimkate laini kilichoumuliwa kwa beking pauda, unga wake ukikandwa kwa siagi au mafuta na maziwa yaliyochachuka kidogo. Hutolewa kwenye oveni, hupasuliwa katikati kikiwa bado kinatoa mvuke, kisha humwagiwa mchuzi mweupe mzito wa maziwa, unga na nyama ya soseji. Hicho ni kifungua kinywa kamili, cha kushibisha mtu hadi mchana. Soseji yenyewe kwa kawaida ni ya nguruwe, na ndiyo maana nalikazania sana jambo hili darasani: asiyekula nguruwe anaweza kuagiza "biscuits" akidhani ameagiza kitu cha kuchovya kwenye chai.

Sokoni, tofauti za majina zinakuonyesha nani alihamia wapi. Bilinganya kwa Mwingereza ni "aubergine", neno alilolichukua kwa Wafaransa, majirani zake. Mmarekani anasema "eggplant". Majani ya giligilani Mwingereza anayaita "coriander", lakini Mmarekani anayaita "cilantro", kwa Kihispania, maana aliyazoea kwenye mapishi ya Wameksiko. Kwake "coriander" ni zile mbegu tu. Ukifuata mapishi ya Kimarekani bila kulijua hili, utatia majani panapotakiwa mbegu, na chakula kitakuwa kingine.

Misimu na mazungumzo ya kila siku nako kuna mitego. Ufutio, ambao shuleni wengi tuliuita raba, Mwingereza naye anauita "rubber". Ukimwomba jirani yako "rubber" kwenye chumba cha mtihani huko Texas, umemwomba kondomu. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi, kwa hiyo kumsifia mwenyeji wako wa London "pants" zake hakufai. Mtu aliye "pissed" Manchester amelewa. Aliye "pissed" New York amekasirika. Nayo "quite good" inaumiza watu kimyakimya: profesa Mwingereza akiandika hivyo kwenye insha yako, mara nyingi maana yake ni "si mbaya sana, ongeza bidii". Mmarekani akiandika hivyo, anakusifu kweli.

Hata wakubwa wameteleza hapa. Churchill alisimulia jinsi maofisa wa pande hizi mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya "to table". Waingereza walitaka suala liletwe mezani lijadiliwe. Wamarekani walielewa kwamba linawekwa kando. Kumbe wote walitaka kitu kimoja.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyosaidia sana kueneza ule usemi kwamba Waingereza hawajui kupika. Mgao wa chakula ulianza Uingereza Januari 1940 na haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Mtu mzima alipata kama gramu 57 za majani ya chai kwa wiki, na mkate wenyewe uliwekwa kwenye mgao mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Katika hali hiyo, kuanzia mwaka 1942, wakaingia askari wa Kimarekani, ambao baadaye walifikia takriban milioni moja na nusu. Kijitabu walichopewa na serikali yao kiliwaonya kwamba wakikaribishwa nyumbani kwa watu wasile sana, wasije wakamaliza posho ya familia ya wiki nzima. Kuhusu vinywaji kiliwaambia kwamba Waingereza hawajui kutengeneza kahawa, nanyi hamjui kutengeneza chai: ngoma droo. Vijana hao walirudi kwao na habari za kabichi iliyochemshwa na mayai ya unga, na habari hizo zimeishi kuliko mgao wenyewe. Uingereza ya leo ni nchi ambayo waziri wake wa mambo ya nje wa wakati huo, Robin Cook, alisema mwaka 2001 kwamba "chicken tikka masala", kuku wa mchuzi wa viungo vya Kihindi, ni mlo wa taifa.

Mmarekani naye anasemwa kwamba tabasamu lake ni la bandia, hasa la wahudumu wa hoteli. Nawaomba wanafunzi watazame mshahara kwanza. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ingawa majimbo mengi yanadai zaidi. Kinachobaki kinatoka mfukoni mwa mteja, ndiyo sababu asilimia 15 hadi 20 huhesabiwa kuwa jambo la lazima. Uingereza, tangu 2009, bakshishi hairuhusiwi kuhesabiwa ndani ya kima cha chini cha mshahara. Mhudumu wa London anaweza kununa bila kulala njaa.

Linaloniudhi ni kusikia Kiingereza cha Marekani kikiitwa kilichoharibika, na mfano unaotolewa daima ni "soccer". Neno hilo ni la Uingereza. Baada ya chama cha soka cha England kuundwa mwaka 1863, mchezo wake uliitwa "association football" ili utofautishwe na raga, na wanafunzi wa huko, wakifuata misimu yao, wakalikata jina hilo hadi "soccer". Waingereza wenyewe walilitumia bila shida kwa miongo mingi. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "soccer" kwenye insha, simpigii mstari mwekundu. Nikilikuta kwenye aya ya kwanza, halafu aya ya pili mchezo uleule umegeuka "football", hapo ndipo ninapomuuliza anamwandikia msomaji wa wapi.