Unafumia nini kama huuzi? Dhana potofu kuhusu kufuma, kudarizi na kusuka

Ukimwambia mtu hapa Unguja kwamba unafuma, swali la kwanza ni "Unauzaje?" Ukijibu kwamba huuzi, la pili linafuata: "Sasa unafumia nini?" Wanaouliza hawana ubaya. Ndivyo tulivyozoea kuzipima kazi za mikono: kwa kikapu alichonunua mgeni, kwa kofia iliyopelekwa sokoni Darajani, kwa kikundi cha akina mama kilichopata mkopo. Lakini humo ndimo ilimozaliwa dhana ninayoiona kuwa mzizi wa nyingine zote, kwa hiyo naanza nayo.

"Kazi ya mkono isiyouzwa ni kupoteza wakati"

Chukua kofia ya viua. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa sehemu mbili: duara linalokaa juu ya utosi, na ukanda unaozunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwa penseli. Kisha vitundu vidogo vidogo, ndivyo viua vyenyewe, hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi mpaka kila kimoja kisimame imara, na baina yake hujazwa mishono. Kofia nzuri hula wiki kadhaa, na yenye kazi nyingi huingia miezi. Igawe bei ya kofia hiyo kwa saa zilizotumika, uone kinachobaki.

Wala si kwetu peke yetu. Lesi, yaani kitambaa chepesi cha nakshi za matundu, ile ya sindano ya mji wa Alençon, Ufaransa, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, hudai saa 7 za kazi kwa sentimita moja ya mraba, yaani eneo la ukucha tu. Kama fedha ingekuwa ndiyo sababu pekee ya kushika sindano, sindano zingekuwa zimeshawekwa chini zamani, huko na huku.

Sababu nyingine ipo, na watu wanaifahamu hata wasipoitaja. Mikono ikiwa na jambo dogo la kurudiarudia, moyo hutulia. Mwaka 2013 ulichapishwa Uingereza utafiti uliokusanya majibu ya wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi 31. Wale waliofuma mara nyingi zaidi katika wiki ndio waliosema wanahisi utulivu na furaha zaidi. Hayo ni maelezo yao wenyewe, hayathibitishi kwamba kufuma kunatibu ugonjwa, na asije mtu akaacha dawa zake kwa ajili ya sindano. Lakini aliyewahi kukaa baina ya alasiri na magharibi na ukili mkononi, ule utepe wa majani unaosukwa kisha ukashonwa mkeka, mazungumzo yakiendelea bila haraka, hatashangazwa na majibu hayo.

Halafu kuna zawadi. Kawa la kufunikia chakula linalotoka nyumba moja kwenda nyingine, mkeka wa rangi uliosukwa kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani, kofia ambayo msichana kaishona kwa ajili ya mchumba wake: vitu hivi havijawahi kuwa na bei, na hakuna aliyeviita upotevu wa wakati. Mila yetu wenyewe inalikubali jambo hili, ila siku hizi tunaona haya kulisema, kwa sababu kila mahali tunahimizwa kugeuza kila tunachokijua kuwa biashara.

Naomba nisieleweke vibaya. Anayeishi kwa kazi ya mikono yake anastahili malipo kamili, na naumia ninaposikia mtu anamkatisha tamaa fundi wa kofia kwa bei ya kutupa. Lakini oda zina tarehe, na mteja anataka vikapu ishirini vya rangi ileile. Hiyo ni kazi, nayo ina heshima yake. Anayefuma kwa kujifurahisha ana uhuru ambao fundi hana: aweza kubadili rangi katikati, kuiacha kazi mwezi mzima, kuimaliza au asiimalize. Vitu hivi viwili havigombani. Kinyume chake, aliyewahi kuzungushia uzi viua kumi tu kwa mkono wake huwa ndiye mnunuzi mwema kuliko wote, maana anajua analipia nini.

"Hiyo ni kazi ya wanawake"

Kijana wa kiume akionekana na sindano ya kroshia, ile yenye kulabu, atachekwa. Anayemcheka pengine kavaa kofia iliyoshonwa na mwanamume.

Kofia za mkono katika visiwa vyetu hushonwa na wanawake na wanaume. Anayekaa nyuma ya cherehani na kushona kanzu, mara nyingi ni mwanamume. Dema la kuvulia samaki, lenye macho yake yaliyosukwa kwa mpangilio usiokosea hata tundu moja, ni kazi ya wanaume. Na nyavu je? Nenda Nungwi, Mkokotoni, Wete au Mkoani wakati vyombo vimepumzika, utawakuta wanaume wazima wamekaa chini na uzi, kijiti na subira, wakiunga jicho moja baada ya jingine. Hakuna anayewacheka.

Na hapa pana jambo linalonifurahisha sana. Huko Ulaya kuna lesi iitwayo fileti. Msingi wake ni wavu mwembamba uliofungwa kwa fundo lilelile la wavuvi. Ukishatengenezwa wavu huo, macho yake hujazwa uzi kwa sindano mpaka litokee ua au ndege. Mvuvi wa Pemba aliyekwisha kujua kufunga wavu ana nusu ya elimu ya lesi hiyo mikononi mwake, na pengine hajawahi kuambiwa.

Kufuma kwa sindano mbili nako, Ulaya ya zamani, kulikuwa na vyama vya mafundi wanaume waliokaa uanagenzi wa miaka ndipo wakaitwa mafundi. Na hadi leo kiko kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru, ambako wanaofuma kofia ni wanaume, nao huanza kujifunza wakiwa watoto. UNESCO iliitambua kazi ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Kisiwa kama sisi, na kofia ndiyo alama yao.

Upande wa pili wa shilingi uko Paje, Bwejuu na Jambiani. Wanawake ndio wanaofukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, kuyaacha miezi kadhaa yalainike, kuyafukua, kuyatwanga na kusokota kamba. Kazi hiyo inataka nguvu za mwili, na hakuna aliyesema kwamba haiwafai. Mgawanyo huu ni mazoea ya mahali. Vidole havijui jinsia ya mwenyewe.

"Kufuma ni mambo ya nchi za baridi, tena ya kizungu"

Ukweli unakwenda upande mwingine kabisa. Katika vitu vya zamani zaidi vilivyofumwa kwa sindano mbili na kuhifadhiwa hadi leo, mashuhuri ni vipande vya soksi kutoka Misri, vya baina ya karne ya 11 na ya 14. Vimefumwa kwa uzi wa pamba, wenye nakshi za buluu na nyeupe. Misri si nchi ya theluji, na ufundi huo ulikuwa umestawi katika nchi za Kiislamu wakati Ulaya haijawa na majina makubwa ya kufuma.

Kinachowachanganya watu ni uzi. Sufu ina joto, na shali ya sufu mwezi wa Februari hapa ni adhabu. Basi tumia pamba. Uzi wa pamba hunyonya jasho, hufulika, na hufaa kwa kofia ya mtoto, kitambaa cha meza, mtandio mwepesi, au mfuko wa kwenda nao sokoni. Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki, mwaka 2006, na mfuko wa kroshia wenye matundu hubeba maembe na mbatata vizuri tu, ukikunjwa unaingia mfukoni. Uzi wa plastiki unaouzwa kwa rangi nyingi usiutumie kwa kitambaa cha kushikia sufuria. Ukikutana na moto unayeyuka, na unaweza kukuunguza.

Pwani ina shida yake moja ambayo vitabu vya ng'ambo havikuambii: hewa ya chumvi hushika sindano za chuma kutu, na kutu hutia doa uzi mweupe. Sindano za mianzi au plastiki hukuepushia balaa hilo. Msimu wa masika usiuache uzi ndani ya sanduku lililofungwa kwa muda mrefu. Hupata ukungu.

"Mimi sina mkono wa kazi hizo"

Hili hulisema watu wazima wenye akili zao, tena kwa masikitiko, na huniuma kwa kuwa si kweli.

Kufuma kwa sindano mbili kuna mishono miwili tu ya msingi. Kitanzi kinavutwa kutoka nyuma kuja mbele, au kutoka mbele kwenda nyuma. Basi. Fulana, soksi, na shali zenye majani na mawimbi, zote zimejengwa juu ya hiyo miwili. Lesi ya vijiti, ile inayotisha ukiitazama, nayo ni hivyo hivyo: nyuzi huviringishwa kwenye vijiti vidogo, kazi hutandazwa juu ya mto uliochomekwa pini, na mikono hufanya mambo mawili, kuvusha uzi juu ya mwenzake na kuusokota. Ukili wetu una chane, yaani jani lililochanwa jembamba, moja inayopita juu na nyingine inayopita chini. Urembo wote unatoka katika mpangilio na hesabu.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kurudia. Watoto wa Makunduchi au Micheweni wanaojua kusuka hawakuzaliwa nao. Walikaa pembeni ya bibi zao wakapewa chane zilizobaki, wakasuka ukili uliopinda, wakaambiwa "fumua, anza tena." Mtu mzima hujinyima nafasi hiyo ya kuwa na ukili uliopinda. Kazi ya mwanzo ya kila mtu hubana hapa na kulegea pale, kwa sababu vidole havijazoea kuuvuta uzi kwa nguvu ileile kila mara. Baada ya muda vinazoea vyenyewe.

Na kufumua si hasara. Kitu kilichofumwa, ukivuta ncha ya uzi, kinarudi kuwa uzi, na uzi huo unafumwa tena. Mafundi hodari niliowaona hufumua bila huzuni, tena mapema, wakiwa wameliona kosa safu mbili tu nyuma. Anayeanza huliona, akatumai halitaonekana, akaendelea nalo safu ishirini.

"Mashine inafanya vizuri zaidi"

Inafanya haraka zaidi. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na tangu hapo mbio za mashine hazijasimama. Lakini kroshia, yenye sindano moja ya kulabu na kitanzi kimoja kimoja, viwanda mpaka leo huiga sura yake tu. Kitambaa cha kroshia ya kweli unachokiona juu ya kochi kimepita mikononi mwa mtu.

Kofia za mashine zinazoletwa kutoka nje ni nafuu, na asiye na uwezo wa nyingine aivae kwa raha. Ila kofia ya viua iliyoshonwa vyema kwa mkono hufuliwa, hutiwa wanga, huvishwa kwenye kibao cha mviringo ikauka, na ikarudi na umbo lake mwaka baada ya mwaka.

"Inaharibu macho"

Macho ya mtu mzima huchoka kwa kushona, hayaharibiki. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na vitu vya karibu vinaanza kufifia, ushone au usishone. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Kaa penye mwanga wa mchana, kila baada ya muda inua macho uangalie mbali, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe usiuguse usiku. Kifundo cha mkono kikianza kuuma, weka chini mpaka kesho.

"Inataka fedha nyingi"

Sindano moja ya kulabu na kibunda cha uzi wa pamba vinatosha kuanza. Kusuka ni nafuu zaidi, hasa shamba. Majani ya mkoche, mti wa jamii ya mnazi, hutoa miyaa ya majamvi na vikapu, na mkindu hutoa ukindu wa mikeka laini. Hukatwa jani changa ambalo halijafunguka. Lakini shina la mkindu lina kilele kimoja cha kuotea: ukikikata kilele, shina hilo linakufa. Kwa hiyo, kabla ya kuingia porini na panga, nenda na mtu anayejua kukata. Rangi za unga za dukani ni za bei ndogo, na wazee walikuwa wakipata nyeusi kwa mizizi ya mdaa.

Anayeanza aombe chane pana za miyaa, si ukindu mwembamba. Azilowanishe kidogo zisikatike, na asuke ukili mfupi tu, wa kutosha kushona kipepeo cha mkono. Kinamalizika siku chache, na joto la kaskazi likija anacho chake cha kujipepea.