Gunia la mahindi na pakiti ya sukari: kipi kitatangulia chini?

Wanafunzi wangu wa fizikia wakibishana juu ya hili, yule anayeshikilia kwamba kizito huwahi huwa na hoja: dunia inakivuta zaidi. Ni kweli. Gunia la kilo 100 linavutwa kwa nguvu ya niutoni (kipimo cha nguvu) 980 hivi, pakiti ya kilo 1 kwa niutoni 9.8 tu. Mara mia! Shida ni kwamba wengi huishia hapo.

Hebu jaribu kulisukuma hilo gunia. Kitu chenye tungamo kubwa, yaani kilo nyingi, ni kigumu kuanza mwendo, na ugumu wa gunia nao ni mara mia ya ule wa pakiti. Gawa 980 kwa 100, upate 9.8. Gawa 9.8 kwa 1, jibu ni lile lile: vyote viwili huongeza kasi kwa kiwango kimoja. Nguvu ya ziada iliyopata gunia imeliwa yote na ukaidi wake lenyewe. Hewa isingekuwepo, ukiviachia pamoja kutoka mita 20 vingetua pamoja baada ya sekunde mbili hivi.

Watu humtaja mwanasayansi Galileo, anayesimuliwa kuwa alidondosha vitu kutoka mnara wa Pisa, Italia. Mimi namhusudu zaidi Simon Stevin wa Uholanzi, ambaye katika kitabu chake cha 1586 alieleza jinsi yeye na Jan Cornets de Groot walivyodondosha mipira miwili ya madini ya risasi, mmoja mzito mara kumi ya mwenzake, kutoka futi 30 hadi kwenye ubao. Hawakutegemea macho. Walitega masikio, na vishindo viwili vikasikika kama kimoja.

Anayevuruga mambo ni hewa. Achia daftari na karatasi kwa pamoja: karatasi itabaki nyuma ikiyumbayumba. Sasa ilaze juu ya daftari, isitokeze pembeni, kisha uliachie daftari likiwa bapa. Vinashuka pamoja, na karatasi haijaongezeka hata gramu.

Ila tusiwapunje wanaosema kizito huwahi. Mpira wa chuma na wa plastiki vyenye ukubwa na umbo sawa, vikiachiwa kutoka ghorofani, wa chuma utatangulia kweli, kwa sababu ukinzani ule ule wa hewa kwake ni kitu kidogo, kwa wa plastiki ni kikubwa. Kitabu cha shule kinachosema “vitu vyote huanguka sawa” bila kutaja hewa kinamchanganya mtoto bure.

Mwezini hakuna hewa. Agosti 2, 1971, David Scott, mwanaanga wa safari ya Apollo 15, aliachia nyundo na unyoya wa kozi mbele ya kamera, vikatua pamoja. Wataalamu hawakuridhika na hilo. Setilaiti ya Ufaransa, MICROSCOPE, iliyorushwa 2016, ililinganisha jinsi titani na aloi (mchanganyiko wa metali) ya platinamu zinavyoanguka zikiwa katika mzingo wa dunia. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha tofauti yoyote hadi kiwango cha sehemu chache katika milioni bilioni moja. Ingepatikana hata tofauti ndogo hivyo, nadharia ya Einstein ya mvutano, inayosimama juu ya usawa huo, ingebidi ifanyiwe marekebisho.