Gundi yetu ni uji

Wanaojiunga na jumuiya yetu wengi huja na hamu ya kushika wasia wa sultani siku hiyo hiyo. Tunawapa pini. Pini zenye kutu, wazing'oe.

Mimi kazi yangu ni kuhifadhi karatasi. Jumamosi mbili kwa mwezi najitolea na jumuiya ndogo inayosaidia Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Tunachangishana fedha za maboksi yasiyo na asidi, halafu tunaleta mikono. Vilivyomo humo si haba: barua za ubalozi mdogo wa Uingereza, uliofunguliwa 1841, hati za wakfu, kesi za kadhi, na miswada na vitabu vya Kiarabu ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Kwa nini pini? Kisiwani hapa chuma hakidumu. Masika yakiingia, pini iliyobana barua miaka tisini inaota kutu, kutu inagandamana na karatasi, na doa la kahawia mwishowe linakuwa tundu. Ukiivuta, inakuja na kona ya barua. Unachofanya ni kupenyeza kipande cha plastiki laini chini ya pini, upande wa mbele na wa nyuma, kisha unaisukuma taratibu irudi ilikotokea. Faili moja linaweza kumaliza asubuhi nzima.

Wino nao una mambo yake. Barua nyingi za Wazungu wa karne ya 19 ziliandikwa kwa wino wa chumvi ya chuma na tanini. Ule una asidi, na chuma chake kinaila karatasi kidogo kidogo, mpaka herufi zinadondoka na kuacha matundu yenye umbo la maneno. Wino wa masizi hauna ugomvi na karatasi, ila ukipata maji unaweza kuchujuka. Kwa hiyo kwetu hakuna kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Ni brashi laini, kavu, kutoka katikati kwenda pembeni.

Palipochanika tunaziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Unaipika kama uji, unaikoroga isifanye madonge, unaichuja, unaiacha ipoe. Haikai siku nyingi, inachacha. Lakini miaka hamsini ijayo fundi mwingine akiona nimekosea, atailowesha kidogo na kuibandua. Selotepu haina huruma hiyo: plastiki inabanduka yenyewe, gundi yake inabaki ndani ya karatasi, ya manjano. Nimeshinda siku nzima nikihangaika na selotepu ya mtu aliyekuwa na nia njema.

Na mimi nia njema iliwahi kuniponza. Nilipokuwa mwanafunzi, katika ofisi moja huko bara, nilikuta faili "limevurugika" nikalipanga upya kwa tarehe. Nilijisifu sana. Kumbe karani wa zamani alikuwa ameweka kila ombi pamoja na majibu yake, hata kama jibu lilichelewa miaka miwili. Nilitenganisha maswali na majibu yake, na kuyarudisha kulinichukua wiki. Tangu hapo nikikuta bunda, naliacha katika mpangilio wake, nahesabu kurasa na kuandika namba kwa penseli.

Glovu nyeupe mnazoziona kwenye picha hatuvai. Pamba inakufanya usisikie ukingo wa karatasi, na nyuzi zake zinanasa penye mpasuko. Glovu tunavaa kwa picha za zamani, na kwa ukungu, ambao unataka na barakoa.

Wa Jumamosi ijayo: njooni na penseli, kalamu na chai vibaki mlangoni. Na kama umetoka kula urojo au halua, nawa kwa sabuni, ukauke vizuri, ndipo tukupe faili.